Baada ya Amina, Hakuna Rekodi

Kuna watu niliowadharau polepole, kadiri nilivyowafahamu, na kuna mmoja niliyemdharau siku ya kwanza, kabla hajamaliza chai yake. Tulimwita Injinia. Alikuwa na ofisi Mbarara mjini, ghorofani, na kazi yake ilikuwa kuangalia kompyuta kubwa iliyotunza majina ya wakimbizi wa Nakivale. Mimi nilikuwa huku mwisho, Base Camp, katika ukumbi wa mabati ambamo makarani walikaa na kompyuta zao ndogo wakihakiki watu. Nilisomea informatike, elimu ya kompyuta, huko Bukavu kabla vita havijatutapanya, kwa hiyo walinipa kazi ya nyaya, printa na jenereta. Kompyuta ya Mbarara sikuruhusiwa kuigusa. Neno lake la siri alikuwa nalo Injinia peke yake, na siku hiyo ya kwanza, badala ya kunionyesha chochote, alinieleza habari za ng'ombe wa baba yake huko Endiinzi mpaka chai ikapoa.

Watu wakisikia mambo ya kompyuta hudhani ni uchawi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kwenye ile kompyuta kubwa kulikuwa na programu moja iliyokaa mlangoni kama askari wa geti. Karani wa Nakivale akitaka kuona jina la mtu, kompyuta yake ilibisha hodi kwa askari huyo, ikajitambulisha, ikaruhusiwa kuingia ndani kunakokaa majina. Masharti ya mlango yaliandikwa kwenye faili moja la maneno ya kawaida, mistari michache tu: anwani ni hii, wageni wangapi wanaweza kupanga foleni kwa pamoja, na mgeni aliyebisha asubiriwe kwa muda gani amalize kujitambulisha kabla hajafungiwa. Hiyo mistari miwili ya mwisho Injinia, kama alivyojisifu mwenyewe kwetu kwenye simu, aliikata mpaka ikabaki mifupa. Alikuwa amesoma mahali kwamba anayekawia mlangoni huenda ni mwizi. Basi akaamuru mlango usisubiri mtu wala usivumilie foleni, akajaribu kwa kompyuta iliyokuwa juu ya meza hiyo hiyo, ikaingia bila shida, akaenda kula.

Sasa Nakivale haikuwa juu ya meza yake. Mawasiliano yetu yaliruka kutoka mnara hadi mnara juu ya vilima vya Isingiro, na wingu likikaa vibaya huko Masha kila kitu kilitambaa. Mgeni kutoka kwetu alikuwa anafika mlangoni akihema, na kabla hajamaliza kutaja jina lake, keshafungiwa.

Na yule aliyetengeneza programu ya makarani, simjui na sitaki kumjua. Mlango ukikataa, mtu mwenye akili angeandika kwenye kioo: "Sijaweza kuingia, jaribu tena." Yeye aliandika kwa rangi nyekundu: "Hakuna rekodi." Kwake kushindwa kufika kwa mtu na mtu kutokuwapo ni kitu kimoja. Nimefanya kazi na watu wavivu wengi maishani, lakini uvivu wa huyo ulikuwa na madhara kuliko wa wote.

Madhara yenyewe nitayaeleza kwa mtu mmoja, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Aliishi Kashojwa katika nyumba ya udongo na turubai la plastiki juu, akiuza ndagala, dagaa wa kwetu, na mafuta ya mawese mbele ya mlango. Aliniita papa, maana nimerithi jina la baba yake. Jicho la kulia lilikuwa limekufa tangu tukiwa Kivu. La kushoto lilikuwa na presha ya macho, na daktari wa zahanati alituambia waziwazi: likifanyiwa upasuaji Mbarara mapema litabaki, likicheleweshwa litakufa kama mwenzake, na jicho lililokufa kwa presha halirudishwi na mtu. Tulipotoka nje shangazi aliniambia, "Papa, mutu anaweza kuishi na jicho moja. Miye nimeishi nalo vizuri."

Gari la wagonjwa wa macho lilikuwa linatoka Base Camp Jumatano moja kila mwezi, asubuhi saa tatu, kwa sababu ndiyo siku madaktari wa macho walipita Mbarara. Kupanda gari ilibidi uhakikiwe siku hiyo hiyo ukumbini. Watu walikuwa wameazimana kadi za ukimbizi mno, kwa hiyo mkuu wa makarani aliweka sheria kwamba uhakiki wa jana ni wa jana.

Mkuu huyo tulimwita Shefu. Mkongomani mwenzetu, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, sauti nene, suruali imepigwa pasi hata siku za tope. Sina ubaya na kuomba. Nimelelewa kwa maombi. Ila Shefu alikuwa na utaratibu wake. Saa mbili kamili makarani wote walikaa mbele ya kompyuta zilizokwisha kuwashwa, wameshaandika jina la mtu wa kwanza, kidole juu ya kitufe, macho yamefumbwa. Wimbo mmoja, kisha Shefu anaomba. Mtu hawezi kuanza kazi mbele ya Mungu, ndivyo alivyosema, kwa hiyo hapana kubonyeza kabla ya Amina. Na Amina ikitoka, vidole vyote vinashuka pamoja, ta.

Ukumbi mzima ukabisha hodi Mbarara kwa pumzi moja, katika mlango ule usiovumilia foleni. Vioo vyote vyekundu. Makarani wakaogopa wakabonyeza tena, na tena, kila mmoja akimzibia mwenzake njia, na mlango ukabaki umesongamana mpaka saa nne hivi. Baadaye, watu walipokuwa wanaingia mmojammoja, kila kitu kilikwenda vizuri kabisa.

Sasa fikiria nani huketi mbele ya karani wakati wa Amina. Kwetu mzee na mgonjwa hupitishwa mbele. Hata watoto wanajua. Vijana walikuwa wanawasogeza kwa heshima zote, karibu mama, karibu baba, kaa hapa. Heshima hiyo ndiyo iliyowapeleka bazee wetu wote kwenye kioo chekundu, na wale vijana wenye miguu mizima, waliofika saa nne wakipiga soga, wakahakikiwa huku wanatafuna miwa.

Jumatano ya kwanza shangazi alikaa mbele ya karani wa kwanza, binti mpole aliyemjua tangu utotoni, aliyekuwa akinunua ndagala kwake. Amina. Nyekundu.

"Mama, hauko," binti akamwambia.

"Siko wapi?"

"Mu masini. Inasema hakuna rekodi. Urudie nyuma ya mustari."

Shangazi aliinuka, akafuata ukuta kwa mkono mpaka mwisho wa mstari. Gari likaondoka. Saa tano alipofika tena mbele ya binti yule yule, kompyuta ile ile ilimwonyesha mara moja, jina, kijiji, kila kitu. "Mama, kumbe uko!" binti akafurahi. Jioni shangazi alinisimulia huku akichagua ndagala kwa vidole. "Nafika, banasema siko. Na miye niko pale nabasikia."

Mwezi wa pili mambo yakawa vilevile. Siku hiyo sikukubali kushindwa. Alipohakikiwa saa tano nilichukua karatasi yake, tukapanda teksi ya Mbarara, na tulipofika hospitali orodha ya madaktari ilikuwa imefungwa. Tulikaa kwenye benchi pale nje, tukala mandazi, tukarudi. Mimi nilikuwa na hasira ya kutosha wote wawili, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nikae ukumbini asubuhi zilizofuata nikitazama, mpaka nikaona vidole vinavyoshuka pamoja.

Nilimwendea Injinia. Alikuwa amekaa chini ya vyeti vyake, vimetundikwa kwenye fremu za dhahabu ukuta mzima. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa limefungiwa feni.

"Shida iko wapi, sebo?" akauliza, akiniita bwana kwa lugha ya kwao, bila kunionyesha kiti.

Nikamweleza mlango, foleni, Amina, bazee. Nikamwomba aongeze namba mbili tu katika faili lile: foleni iwe ndefu kidogo, na mgeni asubiriwe muda kidogo zaidi. Alinisikiliza huku akibonyeza kompyuta yake.

"Angalia," akasema. "Naingia. Natoka. Naingia. Kwangu hapa iko sawa."

"Kwako hapa ni juu ya meza, Injinia. Sisi tuko Nakivale."

"Kompyuta haijui Nakivale."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Hakuielewa. Akapiga simu ukumbini. Ilikuwa inakaribia saa sita. Karani akamwambia kazi inakwenda. Akaweka simu chini akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Inafanya kazi."

"Asubuhi haifanyi."

"Asubuhi na mchana ni kitu moja. Na hizo namba ni mambo ya sekyuriti. Nani alikufundisha wewe?"

Nikamwambia nimesoma Bukavu. Alicheka kidogo, akaniuliza kama Bukavu kuna umeme. Nakiri nilitamani kumwagia miguuni chai iliyokuwa mezani pake. Nilishuka ngazi nikijua kwamba nimempigia mbuzi gitaa, na mbuzi ana vyeti.

Basi nikamrudia Shefu, kwa sababu kwake hapakuhitajika neno la siri, palihitajika akili tu. Nilimwomba makarani waingie kwanza, mmoja baada ya mwingine, kisha tuombe, kisha tufanye kazi. Mtu aliyekwisha kuingia hafungiwi tena nje. Ataomba akiwa ndani. Kitu chepesi hivyo.

Shefu alivua miwani. "Unataka masini ikuye mbele, Mungu akuye nyuma?"

"Nataka bazee bapande gari, Shefu."

"Miye niliona tangu zamani roho yako iko mbali. Hii shida ya rezo ni jaribu. Tutaiombea."

"Tukiombea kabla ya kuingia, ndipo inaharibika."

"Sikia jinsi unavyosema." Akawaita makarani wawili washuhudie nilivyosema.

Na kweli akaiombea. Kuanzia juma lile maombi ya asubuhi yaliongezewa sehemu nzima ya rezo, yaani mtandao, na kwa sababu sasa yalikuwa marefu, hata makarani waliozoea kuchelewa walikuwa wakiwahi kufika kabla ya Amina. Zamani angalau wawili watatu walikuwa wanabonyeza baadaye. Sasa walikuwa wanabonyeza wote. Nilisimama karibu na jenereta nikiwatazama, nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa. Nilipomnong'oneza yule binti asubiri kidogo asibonyeze na wenzake, alikubali, akasubiri, akabonyeza, akakuta mlango umezibwa na hao wanaorudiarudia. Gari likatoka bila shangazi mwezi wa tatu.

Sikujua nani wa kumchukia zaidi. Injinia hakutaka kuona zaidi ya meza yake, Shefu hakutaka kuona zaidi ya utaratibu wake, na wote wawili walikuwa na macho mazima. Nilikuwa nalala nikigombana nao kichwani, naamka nimechoka. Ukiniambia dharau ni dhambi nitakubali, halafu nitakuuliza wewe ungewapa nini.

Shangazi hakugombana na mtu. Alinizuia hata kulalamika mbele ya jirani. "Bado naona, papa. Ni ukungu tu, asubuhi unakuwa mingi, mchana unapunguka." Ila niliona amempa jirani yake kazi ya kuchagua ndagala, na alipomimina mafuta ya wateja alikuwa anatia kidole ndani ya chupa kusikia yamefika wapi. Nilipomuuliza alisema ndiyo usafi wa siku hizi. Tulicheka, na mimi nikakubali kuamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Mwezi uliofuata mkubwa fulani kutoka Kampala alitaka kuja kuona uhakiki unavyofanyika, tangu mwanzo wa siku. Wakubwa huja Jumatano kwa sababu Jumatano kuna gari la kupigia picha. Injinia naye akaletwa aonyeshe kazi yake. Alifika na fulana yenye kola, viatu vyeupe katika vumbi letu, kompyuta yake kwapani. Mimi nilipewa kazi ya kumtafutia mahali pa kuchomeka waya.

Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nilimleta mwenyewe kutoka Kashojwa, ameshika kiwiko changu, amevaa kitenge cha kanisani. Kijana akampisha, akamketisha mbele ya yule binti. Nikasimama nyuma yake.

Wimbo. Maombi, na siku hiyo Shefu alizidisha, maana mkubwa alikuwa anasikia. Aliombea serikali, aliombea gari, aliombea rezo kwa jina lake kamili. Injinia ameinamisha kichwa, mikono mbele, mpole kama anazikwa mtu. Amina. Ta. Ukumbi mzima ukawa mwekundu mbele ya mkubwa.

Sijawahi kuona mtu akiinua kichwa upesi vile. Injinia alitazama kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akawatazama makarani wanavyobonyeza tena na tena. Nikamwona anaelewa, na nilichukia hata kule kuelewa kwake, kwa kuwa kulimjia bila jasho. Mkubwa akamuuliza kwa Kiingereza kuna nini. "Dakika moja, sir," akasema. Akafungua kompyuta yake juu ya goti, akaingia Mbarara kwa njia yake mwenyewe, akafungua lile faili, akafuta namba mbili, akaandika namba mbili nyingine. Akaianzisha upya programu ya mlangoni. Mkononi alikuwa na sambusa aliyopewa mlangoni, na hakuwa amemaliza kuitafuna.

"Jaribuni sasa," akasema.

Wakabonyeza wote pamoja. Majina yakatoka kwenye vioo vyote.

Mkubwa akapiga makofi. Alimpa Injinia mkono, akasema hivi ndivyo wataalamu wanavyofanya kazi, shida sugu imeondolewa papo hapo. Shefu naye akapaza sauti kwamba maombi yamejibiwa, na kwaya ikaanza wimbo wa shukrani bila kuambiwa. Injinia akapita karibu yangu akifuta vidole kwa leso. "Umeona, sebo? Ilikuwa settings tu." Nilitazama viatu vyake. Nilichotaka kumwambia hakisemwi mbele ya wanawake wazee, na hapo palikuwa na wanawake wazee wengi.

Yule binti alikuwa anacheka kwa furaha. "Mama, uko! Umetoka mara moja!" Akasoma jina, mwaka, kijiji, vyote sawa. Dereva alikuwa nje anapasha gari moto. Ikabaki hatua moja tu, iliyowekwa na wakubwa ili watu wasiazimane kadi: mwenye jina lazima aitazame foto yake iliyo kwenye kompyuta na akubali kwa kinywa chake kwamba ni yeye. Binti akakigeuza kioo kikamwelekea. Ilikuwa foto ya siku tulipopokelewa, uso wake bado mnene, anamtazama mpiga picha kwa hasira.

"Mama, angalia foto. Ni weye?"

Shangazi alinyoosha shingo. Alielekeza uso kidogo pembeni ya kioo, kwenye dirisha, penye mwanga, akakaa hivyo akitafuta. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Kisha mkono wake ukarudi nyuma ukatafuta shati langu mpaka ukalipata.

"Papa," akasema polepole, watu wasisikie, "ni miye?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Inafaa aseme yeye mwenyewe," binti akasema, na hakuwa anacheka tena.

Shangazi akakaa wima, akavuta kitenge begani. "Ni miye," akaliambia dirisha.

Binti akabonyeza, na Mbarara ikakubali hapo hapo.